Mtoto kwa Dada

20 Mei

Mdogo wangu,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita nimeipokea, marahaba. Sisi huku wazima, tukuhofie wewe na hicho kikohozi chako. Fundi viatu wa jirani bado anajiona kijana. Juzi alipaka ndevu zake rangi nyeusi ya viatu, manyunyu yakamkuta njiani, akafika kwangu shingo yote nyeusi na bado anataka nimsifu. Kazi ipo. Mashuka ya wageni ni mengi, mgongo unalalamika, nami nauambia utafute wa kumshtakia.

Kipupwe kimeingia. Sijui kama unakikumbuka. Jua linatoka asubuhi halina ukali, unaweza kulikalia kutwa nzima usitafute kivuli. Natandaza mashuka kwenye kamba, upepo wa baharini unayapiga, nikirudi na kikombe cha chai yameshakauka. Wageni wa kutoka huko kwenu kwenye baridi wamejaza nyumba zote za kulala wageni. Wanakaa ufukweni na shati moja wanacheka peke yao. Wenzako wanapanda magari kuja kukitafuta kitu ambacho wewe ulikipa kisogo.

Kiroboto hajambo. Jino la mbele limeng'oka, na mwalimu wake wa darasa la kwanza anausifu mwandiko wake. Sweta ulilomfumia limefika. Ni zuri, ila mikono inamwishia kwenye viwiko. Ulimfumia yule uliyemwacha, si huyu aliyepo. Tena sweta zito namna ile huku kwetu la nini? Nimelifumua nikashona kishikio cha pasi ya mkaa. Sufu yako haipitishi moto hata kidogo, nakushukuru.

Kuna jambo dogo. Mwalimu aliwauliza watoto mama zao wanafanya kazi gani. Kiroboto akasimama akasema, "Mama yangu ni dobi." Sikutaka kumsahihisha mbele ya watu. Nimeona nikuambie mimi, usije ukasikia kwa wengine.

Dada yako

*

11 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu barabara ya kupandia huku iliharibika, na ilipofika nilikuwa na unga mpaka kwenye kope, nikaisoma hivyohivyo. Kikohozi kipo, lakini hakinizuii kupika. Asubuhi navunja ganda la barafu kwenye pipa kwa mwiko mkubwa, kisha nawasha jiko la kuni, kisha wanafunzi wanakuja kugongagonga sahani kama wafungwa. Msalimie fundi viatu. Mwambie rangi ya kahawia ingemfaa zaidi.

Kuhusu sweta sina la kusema. Nililala nalo kifuani wiki nzima nikilifuma kwa mwanga wa jiko. Kama limekufaa kwa pasi, limekufaa.

Lakini dada, hukuandika kama ulimsahihisha mlipofika nyumbani. Wewe ni mama yake mkubwa, na hilo si jambo dogo, hakuna anayekunyang'anya. Ila ni mama mkubwa. Mzoeshe kulisema lote.

Sasa nije kwenye lililonikalisha niandike. Mkuu wa shule amenipa chumba pembeni ya stoo. Kina dirisha, na mlango wake unafungika. Wanafunzi wakienda likizo mwezi wa nane nakuja kumchukua mwanangu. Usimwambie, nataka ayasikie kutoka kinywani mwangu. Nijibu mawili tu: bado analala ameshika sikio lake? Na ananiulizia? Nijibu hayo, usiniandikie habari za bahari.

Kuna dereva anayetuletea unga hapa shuleni, safari zake zinamfikisha hadi kwenu. Nitampa viatu vya Kiroboto. Ni mtu mwema. Mpe chai, usimwulize mengi.

Mdogo wako

*

2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama, na kipupwe kimenoga. Umenikataza kukuandikia habari za bahari, basi kaa vizuri nikuandikie.

Jumapili tuliweka pasi chini tukaenda ufukweni, mimi na Kiroboto. Maji yalikuwa yametulia, baridi yake ile ya kukufanya upige kelele kidogo kisha ucheke. Mchanga ulikuwa na uvuguvugu kwa juu, ukichimba kidole unakuta ubaridi. Alichimba shimo akaniambia nikae ndani yake, nikakaa, mimi na makalio yangu haya. Muuza karanga alipita akasema mtoto amefanana na mimi. Nilimwambia anunuliwe miwani, lakini nilinunua karanga zake. Tulirudi jua linakwenda, miguu yake ina chumvi, kalala begani kwangu tangu kona ya duka la baiskeli. Unataka kujua kama alishika sikio. Alishika. Langu.

Dereva wako alifika. Nilimpa chai kama ulivyoagiza, na sikumwuliza lolote. Watu wa namna yake huhitaji kuulizwa? Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akamtazama Kiroboto anavyokunja foronya. Akasema, "Kumbe huyu ndiye binti yako. Mama yake mdogo hamalizi siku bila kumtaja."

Nilikuwa na pasi mkononi. Niliiweka juu ya kigae chake polepole. Nikamwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania, maskini. Macho yake ni ya mtu aliyeambiwa kitu akakiamini.

Nikamjibu, "Ndiye."

Kiroboto akaniuliza, "Mama mdogo ni nani?" Nikamwambia, "Ni yule anayetuma vitu visivyotosha."

Viatu vilimtosha safari hii, nisikusingizie. Kavivaa papo hapo, akamwambia dereva asante, akaniuliza kama amshukuru na huyo mama mdogo. Nikamwambia salamu zitafika.

Sasa nieleze mwenzio. Nimekaa na pengo la jino la mwanao hapa, nikatibu homa zake, nikashona sare zake. Halafu mwanamume ananijia na kofia magotini ananipongeza kwa kuzaa. Nilijifungua lini? Niambie tarehe, nimfanyie sherehe.

Dada yako

*

14 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimeandika usiku huohuo niliopata barua yako, nayo inaondoka na gari la maziwa asubuhi. Nisamehe mwandiko, mikono imekufa ganzi.

Sikumdanganya. Sikiliza kwanza ndipo unichape. Siku ya kwanza aliyokaa jikoni kuota moto aliniuliza kama nina mtu. Nikamwambia, "Nina mtoto, kwa dada." Mvuke ulikuwa umejaa, masufuria yanapiga kelele. Yeye akasikia nina mtoto wa dada. Akatabasamu akasema watu wanaopenda watoto wa dada zao wana moyo. Dada, ilikuwa herufi moja tu. Nikasema moyoni nitamsahihisha kesho. Kesho akaniletea dawa ya kikohozi. Keshokutwa akaniambia mkewe wa kwanza alimwachia watoto wa mwanamume mwingine, na kwamba hawezi tena kuanza na mzigo wa mtu. Baada ya hapo ile herufi ilikuwa nzito, sikuweza kuinyanyua.

Kwani kwa lugha yetu mtoto wa dada si mtoto wangu? Na wangu si wako? Nilijiambia hivyo. Nilijua najidanganya.

Anataka kunioa. Tunakuja wote mwezi wa nane, yeye na lori lake. Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kubwa zaidi ya hili isipokuwa siku nilipokuachia mtoto mwenyewe. Tukiwa hapo, mbele yake tu, Kiroboto aniite mama mdogo. Tukirudi huku tutakwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa wilaya tufunge ndoa, halafu nitamweleza mwenyewe, taratibu, akiwa ameshakuwa mume. Mume hafukuzi kwa herufi moja. Mambo yakitulia nakuja kumchukua. Ni siku chache tu. Wewe unajua kumfundisha, anakusikiliza.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada. Usidhani haunikati.

Mdogo wako

*

4 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na tena marahaba, maana safari hii umeniamkia kwa adabu kweli. Huku tu wazima. Asubuhi kuna ukungu mwepesi juu ya maji, unaondoka mapema, kisha siku inakuwa nyeupe mpaka jioni. Fundi viatu amenunua kiti kipya, anakaa nje kutwa anaota jua na kupokea heshima asizostahili. Nasi tunaanika, tunapiga pasi, tunakunja. Siku tamu hizi, sijui kwa nini mtu azikimbie.

Ombi lako nimelipokea kwa mikono miwili.

Nilimkalisha Kiroboto kwenye ndoo iliyopinduliwa pale uani. Nikamwambia, "Kuna mgeni anakuja. Ni mdogo wangu. Utasema: Shikamoo, mama mdogo. Utampokea mkoba. Utamletea maji ya kunawa." Akasema, "Shikamoo, mama mdogo," akainama vizuri, pengo lote nje. Nikamwambia tena. Akasema tena. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, nimeshajua."

Basi nikajikuta nataka kumwambia ukweli. Hutaamini, lakini nilifungua kinywa. Kisha nikakumbuka umesema anafundishika, na ni kweli. Kwa hiyo nikaendelea. Alipouliza kama mama mdogo ana watoto, nikamwambia hana. Alipouliza kama wewe ndiye uliyemfumia lile sweta lililozaa kishikio cha pasi, nikamwambia ndiye, mwenye mikono mizuri na kichwa kizito. Alicheka sana.

Siku za mwanzo, ulipoondoka, alikuwa anasimama kila lori likipita. Ulitaka kujua kama anakuulizia, nami nikanyamaza kwa sababu jibu lilikuwa moja: aliacha. Mtoto hawezi kusimamia malori maisha yake yote, miguu inachoka. Asiyekuwepo na lake halipo, wamesema waliotutangulia, na hawakuwa wanatania.

Nitakufanyia ulichotaka, kwa ukamilifu kama ninavyopiga pasi kola. Kufundisha si shida. Shida iko kwenye kufuta, na kufuta hukuniomba.

Karibuni. Nimewatandikia mashuka ya wageni.

Dada yako

*

3 Septemba

Dada,

Leo sikuamkii.

Tulirudi huku salama, ingawa hutuulizi. Kikohozi kimerudi. Jikoni kumejaa tena, wanafunzi wamerejea, wamenenepa kwa chakula cha mama zao.

Nataka ujue nilichokiona, maana wewe ulikuwa unapiga pasi huku umetupa mgongo, na ule mgongo ulikuwa unacheka. Nilishuka kwenye lori. Alikuja mbio na viatu nilivyomnunulia, nikafungua mikono. Akasimama hatua moja mbele yangu, akainama, akasema, "Shikamoo, mama mdogo. Nipokee mkoba?" Akaupokea. Akaniletea maji. Akanishikia taulo mpaka nikamaliza kunawa. Dereva akasema umemlea vizuri binti yako, nawe ukasema asante shemeji. Ulilitamka shemeji kwa utamu ule!

Nilivumilia siku zote zile. Nilikaa nanyi ufukweni kwenye kile kijua chenu, nikawaona mnachimba shimo lenu. Nilijiambia ndiyo nililoliomba. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta uani, anapita katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Nikamshika. Nikamwambia, "Mimi ndiye mama yako. Mimi ndiye niliyekuita Kiroboto kwa sababu ulikuwa hutulii tumboni." Alinitazama vizuri sana, dada. Kisha akakimbia kwako akipiga kelele, "Mama, mama mdogo anasema uongo." Nawe ukamwambia nini? Ukamwambia, "Mgeni hasutwi, mwanangu." Nilisikia. Shuka si ukuta.

Dereva naye alisikia. Alikuwa anafunga turubai. Aliendesha mpaka kwenye mlima, pale barabara inapoanza kupanda. Akazima gari. Nikamweleza yote, mvuke, masufuria, herufi yake. Akasema kinachomtisha si mtoto. Mtoto angemchukua. Akasema, "Mtu aliyeweza kupokelewa mkoba na mwanawe akanyamaza, mimi atanifanyaje?" Siku hizi anashusha unga getini, haingii jikoni.

Kwa hiyo nimebaki mtupu. Furahi. Tumbo lako lilikataa kuzaa, mume akakurudisha, ukaona uvune kwenye shamba la mwenzio. Nilisema zamani kwamba huna mkono wa mtoto, na bado nasema. Una mkono wa mwizi.

Wanafunzi wakifunga tena nakuja. Sina dereva wa kumwogopa, sina la kuficha. Nakuja kumchukua mwanangu, umwandae au usimwandae.

Aliyemzaa

*

26 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo hukunipa. Nimeichukua mwenyewe, kama unavyosema mwizi.

Kipupwe kimekwisha. Jua limeanza kuuma, wageni wamefungasha wamekwenda, na mashuka yamepungua. Ufukwe mtupu, karanga hazina wanunuzi. Fundi viatu amerudisha kiti ndani, anasema joto linayeyusha rangi ya ndevu. Hizi ndizo habari njema nilizonazo.

Hilo la mkono wa mtoto nilikuwa nalikumbuka, usihangaike kulirudia. Ulilisema mbele ya mume wangu, tukiwa mezani, ukicheka. Mwaka haukuisha akanirudisha. Kisha ukaja na furushi la nguo na mtoto asiyejua hata kufunga vifungo, ukamweka juu ya mkono huohuo ulioucheka. Ukasema kipupwe kimoja tu, dada. Nilikuchukia siku ile kuliko siku zote. Nilimchukua kwa chuki, nakuambia wazi, nikijua siku moja utamtaka. Kisha akapata homa, akanishika sikio, chuki ikanishinda kuibeba. Nikakuachia wewe yote.

Sikukuibia. Siku dereva alipokuja na kofia yake ningeweza kusema, "Si wangu, ni wake." Nilingoja uandike useme hivyo wewe. Ningemkalisha kwenye ndoo ileile nikamfundisha kukuita mama, ningelia lakini ningemfundisha. Wewe ukaandika kuomba nimfundishe lingine. Umenipa kwa maandishi yako na kwa kinywa chako. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na wewe hata ile isiyokuwa kazi umeikana.

Njoo. Mlango sifungi, wewe ni mdogo wangu. Utapokelewa mkoba, utaletewa maji. Ukimshika mkono kumtia kwenye gari atapiga kelele, na watu wa mtaa huu watatoka. Watamwuliza yeye, hawatatuuliza sisi. Ulishamsikia jibu lake.

Nilimwambia akuandikie salamu, kwa kuwa sasa anajua kuandika. Nimeziambatanisha hapa chini kama alivyoziandika, sikumshika mkono. Ile herufi iliyokatwa usiifikirie sana. Alinisikia nikijisomea barua yako kwa sauti pale uani, mara "kwa dada", mara "wa dada", akaniuliza ipi ni sahihi. Nikamwambia, "Chagua mwenyewe." Akafikiri, akalamba penseli, akaikata.

Dada yako

*

SHIKAMOO MAMA MDOGO.

MIMI SIJAMBO. JINO LIMEOTA. VIATU VINABANA LAKINI MAMA ATAMPA FUNDI AVITANUE. UKIJA NITAKUPOKEA MKOBA.

MIMI MTOTO ~~K~~WA DADA YAKO